Kutazama ndege za kale za wanamaji zikiruka: maswali ninayoulizwa kila msimu

Kila ifikapo Mei simu yangu haitulii. Shemeji wa Luton anauliza, vijana wa msikitini wanauliza, dada yangu aliyeko Tanga anauliza kwa niaba ya mwanawe anayetarajia kuja masomoni. Wote wameona ile picha ya ndege yenye mabawa ya ghorofa mbili, wote wanataka kujua inaonekana wapi, lini, na kama kweli inaruka. Naishi Bedfordshire, karibu na uwanja wa Old Warden, kwa hiyo nimegeuka kuwa ofisi ya habari bila mshahara. Majibu ni haya. Yasome kwanza, kisha nipigie.

Ndege za wanamaji zina tofauti gani na ndege nyingine za vita?

Zimeundwa kuishi baharini, zikiruka na kutua juu ya sitaha ya meli. Tazama mkiani: kuna kulabu inayoshushwa wakati wa kutua ili inase waya uliotandazwa juu ya sitaha, maana sitaha ni fupi na breki peke yake haitoshi. Tazama miguu: ni minene, kwa sababu manowari inapanda na kushuka na mawimbi, na ndege hutua kwa kishindo. Halafu mabawa. Nyingi hukunja mabawa zikae nyingi ndani ya meli. Swordfish, ile ya mabawa ya ghorofa mbili, ikikunjuliwa ina upana wa karibu mita 14; ikikunjwa inabaki mita 5 na kidogo, mabawa yamelala ubavuni kama kuku aliyetulia juu ya mayai.

Niende uwanja gani?

Kama ni mara yako ya kwanza, nenda Old Warden, karibu na Biggleswade. Njia ya kurukia ni ya nyasi, ndege ziko karibu, na mabanda unaingia na kuzikagua moja moja kabla hazijatoka. Mkusanyiko huu ulianzishwa na Richard Shuttleworth, kijana tajiri aliyependa magari na ndege, akafa mwaka 1940 akiwa mafunzoni katika jeshi la anga. Mama yake akaweka mali kuwa wakfu, na hadi leo ni wakfu.

Duxford, kando ya barabara ya M11, ni kubwa zaidi na ina ndege nyingi za Kimarekani. Yeovilton, kule Somerset, ni kituo cha jeshi la majini lenyewe. Hapo ndipo nyumbani kwa Swordfish na ndugu zake, na kuna jumba la makumbusho mlangoni. Kwa anayetoka London, Yeovilton ni safari ya siku nzima. Mimi hulala huko.

Hiyo Swordfish mbona inasifiwa hivyo? Kwenye picha inaonekana kama kitanda cha kamba.

Hata wenyewe waliicheka. Marubani waliiita jina la mfuko wa nyavu wa kuendea sokoni, kwa kuwa chochote unachotia kinaingia na haulalamiki: topido (kombora la kupita majini), mabomu, miali ya kuangazia, maroketi. Ilikuwa ya kitambaa na vyuma, imefungwa kwa waya, wazi juu, watu watatu wamekaa mmoja nyuma ya mwenzake upepo ukiwapiga usoni. Mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kama kilomita 220 kwa saa, wakati ndege za wakati wake zilikuwa zimeshapita 500. Chini yake ilining'inia topido yenye uzito wa zaidi ya kilo 700.

Usiku wa tarehe 11 Novemba 1940, Swordfish 21 zilitoka kwenye manowari Illustrious zikaingia bandari ya Taranto, Italia, zikapiga manowari kubwa 3 zikiwa zimetia nanga. Zilipotea ndege 2 tu. Mei 26, 1941, nyingine kutoka Ark Royal ziliifuata manowari ya Wajerumani, Bismarck, katika hali mbaya ya hewa. Mchana ule ule walikuwa wameishambulia kwa makosa Sheffield, meli yao wenyewe! Iliponea kwa sababu nyingi kati ya topido zao zilikuwa na kasoro, zikalipuka mara tu zilipogusa maji. Jioni wakarudi na topido zilizorekebishwa, moja ikapiga nyuma ya Bismarck na kuukwamisha usukani. Meli ikabaki inazunguka, na kesho yake ikazama.

Lakini usidanganyike kwamba mwendo wake wa polepole ulikuwa kinga. Februari 12, 1942, Swordfish 6 zilitumwa mchana kweupe kuzuia meli za Wajerumani kwenye mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Zote 6 ziliangushwa. Kati ya watu 18 walikufa 13, akiwemo kiongozi wao, Eugene Esmonde.

Sasa, ukija kuitazama, usingoje mpaka iruke. Simama karibu na uzio wakati wa kuiwasha. Mafundi wawili wanapanda, wanachomeka mkono wa chuma ubavuni, wanaanza kuzungusha. Mwanzo ni taratibu, kama mtu anayevuta ndoo ya kisimani. Mlio unapanda, unakuwa mwembamba, mafundi nyuso zimewaiva. Wanachozungusha si injini bali gurudumu zito lililofichwa ndani. Likishakolea kasi, rubani analiunganisha na injini na nguvu yote inahamia humo kwa mkupuo mmoja. Rafadha, yaani pangaboi la mbele, inajigeuza kivivu mara mbili, mara tatu. Kikohozi. Moshi wa buluu unapita juu ya nyasi. Kisha silinda zote tisa zinaitikiana na ndege nzima inatetemeka, waya, kitambaa na watu waliomo. Kuruka kwenyewe, nisiwafiche, ni kwa polepole mno. Mwanangu alisema inaonekana imesahau inakokwenda.

Na Sea Hurricane?

Hiyo ni ya Old Warden wenyewe, namba Z7015, na ndiyo Sea Hurricane pekee duniani inayoruka. Iliundwa Kanada, ikageuzwa kuwa ya wanamaji mwaka 1941, ikatumiwa na kikosi cha 880, kisha ikaishia chuoni Loughborough kufundishia mafundi. Chuo ndicho kilichoiokoa, kwa sababu nyingi za rika lake ziliishia kwenye vita au kwenye chuma chakavu. Iliruka tena Septemba 1995, baada ya kazi ya miaka.

Kulikuwa na aina nyingine ya Hurricane za bahari zilizowekwa juu ya meli za mizigo na kurushwa kwa maroketi kama jiwe la manati. Meli hizo hazikuwa na sitaha ya ndege kutua. Rubani akishamaliza kazi, na kama nchi kavu iko mbali, aliruka kwa mwavuli au akaitosa ndege majini, akaomba aokotwe kabla baridi haijammaliza. Hilo halikuwa jambo la dharura, ndivyo mpango ulivyoandikwa.

Kuna harufu kama ya mafuta ya nyonyo. Ni pua yangu?

Si pua yako. Ni mafuta ya nyonyo kweli, haya haya ya kupaka nywele na ya kumnywesha mtu aliyefunga choo.

Ndege za vita vya kwanza vya dunia, kama Sopwith Pup na Sopwith Triplane, zilitumia injini ya ajabu: mhimili umetulia, injini yenyewe ndiyo inazunguka pamoja na rafadha. Mafuta ya petroli huyayeyusha mafuta mengine ya kulainishia, lakini ya nyonyo hayachanganyiki nayo kirahisi, kwa hiyo ndiyo yaliyotumika. Yakishapita ndani ya injini hayarudi, hutupwa nje, moja kwa moja usoni kwa rubani. Marubani waliyameza bila kutaka, na matokeo yake bibi yeyote wa kwetu anaweza kukueleza.

Injini hizi pia hazina namna nzuri ya kupunguza mwendo. Rubani hukata moto kwa kubonyeza kitufe, kisha anauachia. Ndiyo maana zikija kutua unasikia brrr, kimya, brrr, kimya. Wageni hudhani imeharibika.

Pup ndiyo iliyotumiwa na Edwin Dunning tarehe 2 Agosti 1917 kutua juu ya manowari inayotembea, Furious, mtu wa kwanza kufanya hivyo. Wenzake walikimbia sitahani wakaishika ndege kwa mikono. Siku tano baadaye alijaribu tena, ndege ikaanguka baharini, akafa.

Nililipa tiketi na ndege niliyoifuata haikuruka. Ni wizi?

Si wizi, ni upepo. Najua hasira yake. Mwaka mmoja nilimpeleka mama mkwe, aliyekuja kutoka Moshi, kwenye uwanja mmoja ambao sitautaja. Nilikuwa nimemwahidi Swordfish. Ilisukumwa nje, tukashangilia. Ikafunikwa turubai. Ikafunuliwa. Ikafunikwa tena, ikarudishwa bandani. Tumekaa kwa muda wa saa nne nzima. Akaniuliza kwa upole, "Baba, kwa hiyo tumekuja kuangalia ndege ikivishwa shuka?"

Ndege zenye gurudumu la mkiani na mabawa mapana hazipendi upepo wa ubavuni. Zile za kabla ya 1914 ni mbaya zaidi: hizo hutolewa jioni, hewa ikiwa imelala kabisa, na mara nyingi hazitolewi. Mwenye uamuzi ni rubani, na hakuna atakayemlaumu kwa kusema hapana, kwa sababu akiivunja hakuna duka la kununua nyingine. Soma masharti ya tiketi yako: kwa kawaida unalipia siku, hulipii ndege fulani. Usimwahidi mkweo.

Je, ni ndege ile ile ya vita, au imeundwa upya?

Swali hili huleta ugomvi hata kati ya wenyewe. Mtu wa pwani ataelewa kwa jahazi. Linapandishwa ufukoni, mbao zilizooza zinatolewa, zinapigwa mpya na kalafati mpya, tanga jipya. Baada ya miaka arobaini umebaki mkuku, na bado tunaliita kwa jina lake. Kwa ndege, mkuku ni kile kibao kidogo chenye namba, pamoja na makaratasi yake.

Chukua Swordfish namba W5856. Iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Oktoba 1941, ikaishia Kanada, ikarudishwa Uingereza vipande vipande, ikakarabatiwa ikaruka 1993. Mwaka 2003 ikagundulika kutu kwenye vyuma vikuu vya mabawa, ikasimamishwa. Ikabidi mabawa yaundwe mapya kabisa. Ilirudi angani 2015, miaka 12 baadaye. Ni ile ile? Mimi nasema ndiyo.

Pup ya Old Warden ina kisa kingine: ilizaliwa baada ya vita kama ndege ya kiraia ya watu wawili, aina ya Dove, na Shuttleworth mwenyewe ndiye aliyeigeuza kuwa Pup. Triplane yao iliundwa na watu wa kujitolea miaka mingi baada ya vita, lakini kwa uaminifu mkubwa kiasi kwamba mzee Thomas Sopwith, akiwa bado hai, aliitambua kama ndege halisi ya kiwanda chake iliyochelewa kutoka. Mwenye mali akisema hivyo, wewe na mimi tutabisha nini?

Wapo wanaoshika msimamo tofauti, na nawaheshimu. Makumbusho ya Yeovilton wana ndege ya kivita aina ya Corsair, KD431, ambayo haitaruka kamwe. Walikwangua rangi ya juu kidogo kidogo mpaka wakaifikia rangi ya 1944 iliyokuwa chini, na wakaiacha na makovu yake. Ukiirusha ile, ungelazimika kubadilisha vitu, na ushahidi ungepotea. Corsair nyingi za Waingereza, kwa taarifa yako, zilisukumwa baharini vita vilipokwisha: zilikuwa za mkopo kutoka Marekani, na mkataba ulitaka zilipiwe au zirudishwe.

Unasema kila mara ndege hizi za wanamaji zilifika kwetu Afrika Mashariki. Kweli?

Kweli, na mara mbili.

Mara ya kwanza ni 1914 na 1915. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, kwenye mikoko, ambako meli kubwa hazikuweza kuifuata. Ilibidi itafutwe kutoka juu. Kwanza alikuja rubani wa kiraia, Dennis Cutler, na ndege ya kutua majini aina ya Curtiss iliyotolewa Durban, akaiona meli, na baadaye akatekwa. Zikaletwa Sopwith za majini, joto na unyevu wa kwetu vikazishinda: gundi ilikuwa ikiachia, rafadha zikifumuka, na injini hazikuweza kupandisha. Mwishowe kukafyekwa uwanja kisiwani Mafia, zikaletwa ndege za magurudumu.

Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Arnold walizunguka juu ya delta wakiwaelekeza kwa redio wapiga mizinga wa Severn na Mersey, meli mbili za kina kifupi. Ndege ikapigwa, injini ikafa. Wakati wanashuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho: ongeza, punguza, kulia. Wakaangukia mtoni, ndege ikapinduka, wakaokotwa wote wawili. Königsberg ikamalizwa siku hiyo. Mizinga yake Wajerumani waliiopoa wakaitumia nchi kavu, na mmoja uko Mombasa, Fort Jesus. Wengi hupiga nao picha bila kujua ulifikaje.

Mara ya pili ni 1942. Wajapani walipoishambulia Colombo, Waingereza walihamishia kundi lao la manowari Kilindini. Sasa, manowari ikiwa imetia nanga ndege haiwezi kuruka kutoka sitahani, kwa sababu inahitaji upepo wa mwendo wa meli. Kwa hiyo ndege zilihitaji viwanja vya nchi kavu. Kimoja kilikuwa Port Reitz, ulipo leo uwanja wa ndege wa Moi. Kwa desturi yao, wanamaji wa Uingereza huita kituo cha nchi kavu kana kwamba ni meli, na safari hii walichukua majina kwetu: cha Tanga kiliitwa Kilele, cha Nairobi Korongo, na cha upande wa Mombasa Kipanga. Nilipolijua la Tanga nilikuwa mtu mzima. Nimekulia mji ule na hakuna aliyenitajia.

Swordfish za Illustrious zilikuwa zimetoka Madagaska, ambako Mei 5, 1942 zilishambulia bandari ya Diego Suarez na kuizamisha nyambizi ya Kifaransa, Bévéziers.

Kwa Mwafrika, si ni kushangilia vita vya wakoloni?

Nimeulizwa na kijana mmoja, tena kwa ukali, na sikumkatisha. Uwanja wa Mafia haukujifyeka wenyewe. Soko la Kariakoo limebeba jina la jeshi la wapagazi, Carrier Corps, na watu wale walikufa kwa maelfu bila ndege yoyote kuhifadhiwa kwa ajili yao. Mimi naenda kwa sababu napenda injini, na kwa sababu kipande cha historia ya Rufiji na Tanga kimehifadhiwa kwenye nyasi za Bedfordshire. Watangazaji wa maonyesho huzungumza Taranto na Bismarck kila mara, Rufiji sijawahi kuisikia. Nimewahi kumsimulia habari hiyo mzee mmoja wa kujitolea pale bandani. Alivuta kiti.

Ni salama?

Agosti 22, 2015, ndege ya jeti aina ya Hunter ilianguka barabarani karibu na Shoreham wakati wa maonyesho, wakafa watu 11. Haikuwa ya wanamaji, lakini sheria zikakazwa kwa wote: umbali kutoka kwa watu, ruhusa za marubani, mahali pa kusimama nje ya uwanja. Ndiyo sababu ya wazee kunung'unika kwamba zamani zilipita karibu zaidi. Mei 2017 jeti ya wanamaji, Sea Vixen, ilitua kwa tumbo Yeovilton baada ya hitilafu. Rubani alitoka mzima, ndege haijaruka tena.

Watoto na kelele?

Walete. Wavishe vizibo vya masikio, hasa kama kuna Sea Fury: injini yake ina silinda 18 na nguvu farasi zaidi ya 2,400.

Chakula?

Beba chako. Wenyeji huja na viti vya kukunja na vikapu, nawe leta sambusa na chupa ya chai ya tangawizi. Foleni ya chipsi ni ndefu, na ndege haikungoji.

Picha zangu zinaonyesha rafadha imeganda kama ndege ya sanamu. Kwa nini?

Unapiga kwa kasi kubwa mno. Shusha hadi 1/250 au hata 1/125 ya sekunde, zungusha mwili pamoja na ndege, na kubali kwamba picha nyingi zitaharibika. Kwa simu, achana na ndege iliyo angani. Piga iliyo chini.

Naweza kupanda?

Swordfish, hapana. Ziko Spitfire za viti viwili zinazobeba abiria kwa malipo, na bei yake ni mishahara ya miezi. Nimeshamjibu shemeji hili mara tatu.

Nifike saa ngapi, niondoke saa ngapi?

Fika mapema, mabanda yakiwa yamefunguliwa na mafundi bado wana nafasi ya kuongea. Kuondoka, usiondoke na wengine. Onyesho likiisha, magari yote hukimbilia geti moja na kubanana humo. Wewe kaa. Ndege zinasukumwa kurudi bandani kwa mikono, watu sita au saba wameshika mabawa, mmoja anaelekeza mkia, na chini ya kila injini linawekwa sinia la kukinga mafuta yanayodondoka. Vaa sweta. Jioni ya pale ni baridi hata mwezi wa saba.